Duka kubwa limefunguliwa jirani: nifunge langu?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nina duka la vifaa vya matengenezo ya nyumba: misumari, vitasa, koki, rangi, nyaya, balbu na vingine vidogo vidogo. Alilianzisha marehemu baba, mimi nimo humo mwaka wa kumi na tisa sasa. Miezi minane iliyopita lilifunguliwa duka kubwa, mwendo wa robo saa kutoka kwangu. Mauzo yameshuka kwa theluthi moja hivi. Nikapunguza bei zote kwa asilimia 10, wateja wakaongezeka kidogo, lakini pesa siioni. Wengine wanaingia, wananiuliza ushauri, wanapiga kitu picha kwa simu, kisha wanaenda kununua mtandaoni. Halafu hao hao wananiambia mtaa hauwezi kuwa mtaa bila duka hili. Chumba ni cha familia, silipi pango. Mwanangu anasema tufunge, tupangishe chumba. Benki nayo iko tayari kunikopesha, nijaze duka nishindane. Je, maduka kama letu yana maisha kweli, au najidanganya?"

Ndugu yangu, pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa miezi minane ya kulala macho. Hongera kwa kuuliza kabla hujasaini huo mkopo. Umeuliza kama maduka ya namna yako yana maisha. Hilo ni swali moja. Kama duka lako lina maisha ni swali jingine, na majibu si lazima yafanane. Nitayajibu yote mawili, ila naanza na ile asilimia 10, maana hapo ndipo damu inapovuja sasa hivi.

Tuseme kitasa unakinunua kwa 75 na kukiuza 100. Faida ghafi ni 25. Ukishusha bei mpaka 90, ile 75 ya msambazaji haikushuka. Iliyoshuka ni faida yako peke yake, nayo imebaki 15. Ulipokuwa ukiuza vitasa 30 kwa mwezi ulipata 750. Sasa uipate 750 ile ile, lazima uuze vitasa 50. Lakini duka kubwa limekuchukulia theluthi ya wateja, kwa hiyo umebaki na wa vitasa 20, labda 23 kwa sababu ya punguzo. Ishirini na tatu mara 15 ni 345. Ndiyo maana wateja unawaona na pesa huioni. Ungeacha bei pale pale, ukauza vitasa 20 tu, ungeshika 500. Umefanya kazi zaidi ili upate pungufu. Weka namba zako mwenyewe mahali pa zangu, na ujue kwamba faida yako ikiwa nyembamba kuliko hiyo robo, kidonda ni kirefu zaidi.

Watu wengi hudhani duka kubwa linauza rahisi ili kuwaua wadogo. Ukweli unaudhi zaidi: halijui hata kama upo. Linauza rahisi kwa sababu mbili za kawaida kabisa. Kwanza linanunua kwa wingi, kwa hiyo bei yake ya kununulia ni tofauti na yako tangu mwanzo. Pili, na hili wenye maduka madogo hawalitazami sana, mara nyingi linalipa baada ya kuuza. Msambazaji anasubiri pesa yake siku 30, siku 60, wakati mwingine zaidi, wakati mali imeshatoka rafuni na pesa imeshaingia. Linaendesha biashara kwa mtaji wa watu wengine. Wewe unalipa leo ukitumaini kuuza kesho. Mkopo wa benki hauondoi tofauti hiyo, unaongeza riba juu yake.

Ila kuna siri moja ya kukufariji. Duka kubwa halina bei ndogo kwa kila kitu. Lina bei ndogo kwa vile vitu ambavyo kila mtu anaijua bei yake kichwani: balbu ya kawaida, ndoo ya rangi nyeupe, betri. Hivyo ni chambo. Kile ambacho mteja hununua mara moja kwa miaka mitatu na hana kumbukumbu ya bei yake, ndicho kinachobeba faida. Siku moja chukua karatasi yenye vitu arobaini unavyouza, nenda kama mteja, andika bei zao moja moja. Ukirudi utajua mahali pa kuacha kugombana nao, na mahali ambapo umekuwa ukipunguza bei bila mtu kukuomba.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, maana jibu la swali lako kubwa liko huko. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly. Kabla yake, desturi ya maduka ya mahitaji ilikuwa mteja anasimama mbele ya kaunta, anataja anachotaka, karani anamletea. Saunders akampa mteja kikapu, akamwambia zunguka, jichukulie mwenyewe. Akapunguza makarani, akapunguza gharama, akapunguza bei. Yaliyofuata, kuanzia supamaketi hadi duka la kwenye simu, ni hatua za mbele za wazo lile lile: ondoa mtu wa kaunta, kazi yake mpe mteja. Na limefaulu kwa sababu kwa vitu vingi mtu wa kaunta hahitajiki. Anayetaka balbu hahitaji maneno, anataka balbu.

Ila si kila kitu ni balbu. Anaingia mtu ameshika koki kuukuu, ameizungushia kitambaa kilicholowa. Amekuja kununua mpya. Unaifungua pale pale, unautoa mpira wa ndani, unapitisha ukucha pale mpira unapokalia. Ukucha unateleza, hapana mchubuko. Unampa mpira mmoja, kitu cha bei ya kutupa, unamwambia ajaribu kwanza huu. Siku nyingine ukucha unakwama kwenye mkwaruzo, na unamwambia asidanganyike na mpira, wiki ijayo itavuja tena, anunue koki. Na ananunua bila kubisha, kwa sababu anakumbuka ile siku ulipokataa kumuuzia. Hiyo ndiyo biashara yako. Kwenye duka kubwa hakuna aliyeajiriwa kupitisha ukucha, na si kwa ubaya. Mshahara wa mtu huyo ungekula faida ya mipira elfu.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: ndiyo, maduka huru yana maisha, pale ambapo mtu wa kaunta bado anaongeza kitu. Pale asipoongeza kitu, hayana, na hakuna mapenzi ya mtaa yatakayoyaokoa. Tazama wauza vitabu wa Marekani. Miaka ya mwanzo ya karne hii kila mtu aliwaombolezea: kulikuwa na minyororo ya maduka makubwa ya vitabu, yaani kampuni moja yenye matawi mengi, halafu ikaja Amazon, duka la mtandaoni. Mwaka 2011 mnyororo mmoja mkubwa, Borders, ulifilisika na kufungwa wote. Lakini maduka huru yaliyo katika chama cha wauza vitabu cha nchi hiyo yaliongezeka kutoka 1,651 mwaka 2009 hadi 2,227 mwaka 2015. Hayakushinda kwa bei. Yalishinda kwa kuchagua vitabu, kumjua msomaji, na kulifanya duka kuwa mahali pa watu kukutana. Hata hivyo sitaki uufanye mfano huo kuwa hirizi. Kitabu ni kitu watu hupenda kukipekua. Sijaona mtu anayependa kupekua misumari. Na nchi nyingine hazikuwaachia wauza vitabu bahati tu. Ufaransa ina sheria tangu 1981 inayozuia punguzo la bei ya kitabu kipya kuzidi asilimia 5, ili mkubwa asimmeze mdogo kwa bei. Kwenye vitasa na koki usitegemee sheria ya namna hiyo.

Turudi kwa wanaopiga picha. Najua inavyokera: umempa mtu akili ya miaka kumi na tisa, naye amekwenda kumpa mwingine pesa. Lakini kosa si lake peke yake. Ushauri wako umeuweka bure, na kitu chako umekiweka kifanane kabisa na cha mtandaoni. Mtenganishe mtu na bei ya mtandaoni kwa kumuuzia kitu ambacho mtandaoni hakipo. Anayehitaji skrubu nne hataki pakiti ya mia. Muuzie nne, hata kama kila moja ina bei ya mbili za pakiti, na atakushukuru. Kata waya kwa kipimo chake. Chonga funguo. Kodisha drili na ngazi ndefu, vitu ambavyo mtu hutumia saa moja kwa mwaka na hana sababu ya kuvinunua. Kwa kazi inayojulikana, kama kubadilisha kitasa cha mlango, funga pamoja kitasa, skrubu zake na kipande cha sandpepa, andika bei moja. Kama kuna fundi unayemwamini, kubalianeni: kazi inayotoka kwako, vifaa vinatoka kwako. Na ile picha igeuze ikutumikie wewe. Bandika namba ya simu mlangoni, waambie watu wakutumie picha ya kilichoharibika kabla hawajatoka nyumbani, uwajibu kama unacho na bei gani. Kwa duka la ukubwa wako huo ndio uuzaji wa mtandaoni wenye maana. Kujenga duka la intaneti la kuuzia dunia nzima ni kwenda kupigana kwenye uwanja wa mwenzako, usiku, na yeye ndiye mwenye taa.

Nakuja kwenye jambo ambalo hukuuliza, nalo kwa macho yangu ndilo linaloua maduka ya zamani kuliko duka lolote kubwa. Ni mali iliyolala. Sijawahi kukuta duka la umri wa lako lisilo na rafu ya juu yenye maboksi ambayo mwenyewe anayafuta vumbi kwa heshima kama makaburi. "Hiki kitapata mtu wake," anakuambia. Pengine kweli. Lakini tazama hesabu. Kitu ulichonunua 60 na kuuza 100 mara moja kwa mwaka kimekupa 40 kwa ile 60 uliyoifungia humo. Kitu ulichonunua 85 na kuuza 100, faida ya 15 tu, lakini kikatoka na kurudi mara kumi kwa mwaka, kimekupa 150 kwa mtaji wa 85. Chenye faida nyembamba kimekulisha karibu mara nne. Wenye maduka tunapenda kuhesabu faida ya kipande. Tunasahau kuhesabu mzunguko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na inaweza kupotea ikiwa bado iko rafuni.

Kwa hiyo huo mkopo wa kujaza duka, hapana. Sikuambii hivyo mara nyingi, maana mikopo ina nafasi yake, lakini kukopa ili uongeze aina za bidhaa wakati zilizopo hazitembei ni kununua maboksi ya kufuta vumbi kwa riba. Mtaji unaoutafuta benki huenda uko kwenye ile rafu. Kila kisichouzwa hata kimoja ndani ya miezi 12 kitolee nje, kiuze hata chini ya bei ya kununulia. Utaumia mara moja. Pesa itakayotoka iingize kwenye vitu vinavyotembea na kwenye mashine moja ya huduma, kama ya kuchonga funguo.

Juu ya kununua kwa bei nafuu, njia ya mdogo ni ya zamani: kuungana. SPAR, ambayo leo wengi wanaijua kama jina la supamaketi, ilianza Uholanzi mwaka 1932, pale mfanyabiashara wa jumla Adriaan van Well alipowakusanya wenye maduka huru wanunue pamoja. Na katika fani yako hasa, Ace Hardware ilianzishwa Chicago mwaka 1924 na wenye maduka wachache wa vifaa waliotaka bei ya jumla. Tangu miaka ya 1970 ni ushirika wa wenye maduka wenyewe, na maduka yamepita 5,000. Huhitaji kuanza na elfu. Tafuta watatu au wanne wa vifaa kama vyako, walio mbali kiasi cha kutogombea mteja mmoja, mtoe oda moja. Sharti langu ni moja: pesa zikusanywe zote kabla ya oda kutoka. Vikundi vya namna hii huvunjwa na yule mmoja aliyesema "nitalipa mali ikifika".

Na hao wanaokuambia mtaa si mtaa bila wewe? Hawakudanganyi. Mwaka 2004 ulifanyika utafiti katika kitongoji cha Andersonville, Chicago, ukapata kwamba katika kila dola 100 zilizotumika kwenye biashara za wenyeji, 68 zilibaki kuzunguka katika uchumi wa mji. Kwenye biashara za minyororo zilibaki 43. Uchukue kwa tahadhari: biashara zilizopimwa zilikuwa chache, na migahawa na huduma zilikuwemo, si maduka tu. Lakini mwelekeo wake unaeleweka. Mmiliki anayeishi hapo humpa kazi mhasibu wa hapo na fundi wa hapo. Kuna na gharama inayoonekana baadaye. Katika mji mdogo wa Oriental, jimbo la North Carolina, Marekani, Walmart, mnyororo mkubwa wa maduka, ilifungua duka lake dogo mwaka 2014. Duka la vyakula la wenyeji likafungwa mwaka uliofuata. Na Januari 2016 Walmart ikatangaza kufunga maduka 154 nchini Marekani, la Oriental likiwa mojawapo. Wakubwa nao huondoka, na hawaondoki kwa ratiba ya mtaa.

Ila thamani hiyo haiingii kwenye droo yako. Anayekusifu njiani amelipa kwa maneno, na maneno hayalipi umeme. Usimlaumu, mwombe. Mwambie wazi: "Nikiendelea hivi nitafunga, ukihitaji kitu cha nyumba, anza kwangu, nikikosa nitakuambia uende wapi." Watu wengi hawajui kama duka limelegea. Wanaona mlango uko wazi, wanadhani mambo ni shwari.

Sasa duka lako. Umeandika "silipi pango", na hapo ndipo mwanao ameona usichokiona. Pango unalipa, ila unajilipa kwa kukosa. Kama chumba kingeweza kupangishwa, hiyo kodi ni gharama ya duka kila mwezi, iandike. Na mshahara wako uandike pia, kiasi ambacho ungemlipa mtu mwingine afanye kazi yako. Ukishaandika hivyo viwili pamoja na umeme, usafiri na msaidizi, itoe jumla kwenye faida ghafi ya mwezi. Kinachobaki ndicho duka linachozalisha kweli. Kikiwa juu ya sifuri, una biashara, inahitaji kutunzwa. Kikiwa chini kidogo, rudisha bei zako, uza mali iliyolala, anza huduma mbili tatu, ujipe miezi sita yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa ukutani. Kikiwa chini sana hata baada ya kurudisha bei, basi chumba ndicho kinachokulisha na duka ndilo linalokula, na mwanao ana haki. Kufunga ukiwa bado na mali ya kuuza na bila deni ni tofauti kabisa na kufunga siku mtaji umekata.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kama hujawahi kutenganisha pesa za duka na za nyumbani, kaa na mhasibu ana kwa ana, hata saa mbili tu, ukiwa na risiti za miezi mitatu. Kama benki inataka nyumba au hicho chumba kama dhamana, usisaini kitu kabla mwanasheria wako, si wa benki, hajakisoma. Na kwa kuwa chumba ni cha familia, ndugu wengine wana neno hapo, wasikie mapema. Na kama huko kulala macho kumekuwa kwa kila usiku, chakula hakipiti, moyo unakwenda mbio ukifungua mlango asubuhi, mwone daktari. Sikutanii. Nimewaona watu wakihesabu kila kitu dukani isipokuwa wao wenyewe.

Kazi ya wiki hii ni kuhesabu mali, na nakushauri umwite mwanao mfanye pamoja. Wewe kila boksi lina hadithi yake, utaona shida kulitoa. Yeye hana hadithi. Mpe kalamu, wewe panda ngazi. Anza na rafu ya juu, na kila kitu umwambie mara moja tu: kiliuzwa lini mara ya mwisho. Ukimaliza, niandikie ile jumla ya vilivyopitisha mwaka, tuone kama mtaji unaouhitaji ni mkopo wa benki au ni huo uliokuwa umeukalia.